Kondoo Niliyemla

Kwako Paker, mama mkwe wangu,

Takwenya. Najua hakuna wa kuniitikia "iko", lakini siwezi kuanza kuongea nawe bila salamu. Mtu akikuruka salamu ulikuwa unajifanya hujasikia mpaka arudie mwanzo.

Nakuandikia kwa sababu nimechanganyikiwa na wewe ndiwe ningekuuliza kama ungekuwa hai. Mwanangu Lemayian, mjukuu wako, analeta mke nyumbani Jumamosi. Anaitwa Njeri, kwao ni Kiserian. Na mimi hapa Kitengela nimefunga kondoo jike nyuma ya nyumba, kando ya tangi la maji. Tangu juzi amekula mistari miwili ya sukuma wiki na sasa anauangalia mchicha. Sijui kama nimefanya jambo la maana au nimeanza kuzeeka vibaya.

Unakumbuka siku niliyofika kwenu mimi? Nilitoka Kibwezi na sanduku la bati na mfuko wa mbaazi alionifungia mama. Langoni pa boma lenu, nje ya Kajiado, nikasimama kwa kuwa viatu vilikuwa vimenichubua visigino. Ninyi mkadhani nimegoma kuingia, kama bibi harusi wa Kimaasai anayejua haki yake, anayesimama mpaka apewe mnyama. Sikujua hata neno moja la Kimaa. Ukaja ukimvuta kondoo jike mwenye kichwa cheusi.

"Hii ni yako," ukasema. "Sasa ingia, jua ni kali."

Nikaingia nikichechemea. Tangu siku hiyo ukaniita Paker, nami nikakuita Paker, kwa kuwa kondoo alikuwa amepita kati yetu, na kwenu ndivyo wanavyoitana aliyetoa kondoo na aliyepewa. Nilidhani ni utani wa wakwe. Kwetu jina hupewa mtoto, na kondoo huliwa.

Kisha kiangazi kikaja. Kwetu mvua ikikosekana tunakaa tunaangalia mawingu na kupima kilichobaki ghalani. Ninyi mliamka asubuhi moja mkawaswaga ng'ombe kwenda Rombo, kutafuta nyasi chini ya mlima, kama watu wanaokwenda sokoni na kurudi. Mume wangu alikuwa kazini mjini, nikabaki na kondoo wachache. Nilikuwa nikijiuliza nimeolewa na watu gani hawa, ambao chakula chao kina miguu na wao ndio wanaokifuata.

Mkiwa huko, baba yangu akaja kunitembelea kwa mara ya kwanza. Alikuwa ametembea jua lote kutoka barabarani. Angerudi Kibwezi aseme nini, kwamba binti yake alimpa chai? Nikatazama zizini. Wote walikuwa wenu, mmoja tu alikuwa wangu. Nikamwita jirani akamchinja. Nilijivuna siku hiyo, Paker, siwezi kukuficha. Baba alikula akashiba, akaniambia nimeolewa pazuri. Na nilikuwekea wewe mguu mzima, nikaukaanga na kuuhifadhi ndani ya mafuta yake, kama ulivyonifundisha.

Mvua ikanyesha, mkarudi na nusu tu ya wale ng'ombe. Ulikuwa umekonda hata shanga za shingoni zilikulegea. Juu ya punda ulikuwa umefunga gunia.

"Nimeleta chakula yenu," ukasema. "Huko Rombo watu wanalima kama nyinyi. Nimekula hii maharagwe mpaka nikazoea. Nikasema wacha nipelekee Paker."

Wewe uliyekuwa ukiziita mbaazi zangu chakula cha kuku.

Nikakimbia kukupakulia nyama. Ukaonja, ukauliza imetoka wapi.

"Ni yule kondoo wangu, mama. Baba alikuja."

Wote waliokuwa ndani wakakugeukia. Wewe ukatafuna polepole, ukameza, ukachukua kipande kingine.

"Iko na mafuta," ukasema. "Ulimlisha vizuri, Paker."

Ni mume wangu aliyenieleza alipokuja mwisho wa wiki. Yule hakuwa wa kuliwa. Alikuwa wa kuzaa, na wanawe wazae, na popote mifugo itakapohamia, jina letu lihamie nayo. "Sasa wewe umekula jina," akasema, akicheka kidogo. Nikalia mpaka akaacha kucheka. Niliona ni lazima utanitafutia jina lingine. Asubuhi ukaita kutoka zizini, "Paker, lete kibuyu," kama kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo nisipoelewa mpaka leo. Ulinisamehe, au ulikuwa unanikumbusha? Siku nyingine sauti yako ilikuwa laini. Siku nyingine wageni wakija unasema, "Huyu ni Paker wangu, lakini msimuulize kondoo iko wapi," mnaangua kicheko, nami nacheka huku nikikuangalia usoni. Mwishoni ulisahau majina ya watu wote. Lemayian ulimwita kwa jina la baba yake. Langu hukulisahau hata siku moja, na nilipokuosha miguu nilitaka kukuuliza, nikaona haya, nikasema nitauliza kesho. Nilikuwa nakupenda na nilikuogopa, na sikujua kipi kilikuwa kikubwa.

Sasa Njeri anakuja na swali limerudi. Kama jina linaweza kusimama bila kondoo, basi huyu wa kando ya tangi ni upuuzi, nimwite tu Paker yaishe. Na kama haliwezi, basi miaka yote ile tulikuwa tunaitana jina tupu, wewe na mimi.

Huku Kitengela watakuambia nimechelewa. Ng'ombe wetu hawangefika Rombo leo, kila mahali ni seng'enge na ploti. Maziwa tunanunua kwa pakiti. Lemayian akiona njaa anabonyeza simu, pikipiki inamletea chakula mlangoni. Hatufuati chakula tena, chenyewe ndicho kinachotufuata, na sijui hiyo inatufanya tuwe watu gani.

"Mum, si mimi na Njeri tunaishi third floor," Lemayian ameniambia. "Hiyo kondoo itapanda stairs? Na Njeri hakuli nyama. Hata maziwa inamsumbua tumbo."

Mume wangu amesema nimpe Njeri blanketi badala ya kondoo.

Nikampigia Njeri mwenyewe, nikamuuliza basi anakula nini.

"Maharagwe, mum. Napenda sana maharagwe."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mtoto wa watu upande ule hakujua amesema nini. Nilikuwa nimeliona gunia lako juu ya punda.

Leo asubuhi nikimnywesha kondoo maji, nilisimama na ndoo mkononi. Huyu msichana, tofauti na mimi, ndiye ambaye hatamla kondoo wake. Hata baba yake akija kutoka Kiserian, atampikia maharagwe. Shemeji yangu wa Kajiado amekubali kumchunga kondoo pamoja na wale wachache aliobaki nao, kwa hiyo hakuna wa kupanda ngazi. Sijui kama hilo ni jibu. Nimeligeuzageuza tangu asubuhi na bado sina uhakika.

Jumamosi nitasimama langoni na kamba mkononi. Nitamwita Njeri jina letu, mbele ya watu, mara moja. Kama ulinisamehe, nishikie sauti isitetemeke. Na kama hukunisamehe, Paker, basi huyu kondoo ni wako. Nakurudishia kupitia kwa Njeri.

Maharagwe nimekwisha kuyaloweka. Pumzika sasa, mama.

Ni mimi, mke wa mwanao,
Paker wako.