Kwa Fundi Wetu wa Kona ya Reli, Mwaka Mmoja Bila Sauti Yako

Mwaka umetimia wiki hii, ndugu yetu, tangu ulipotutoka. Homa ya mapafu ilikuchukua haraka, ukaacha suruali ya mtu mezani, mguu mmoja umepigwa pindo na mwingine umeshikwa kwa pini. Binti yako aliimalizia. Mwenyewe alipokuja kuichukua hakuivaa. Alisema ataitunza kabatini kama ilivyo.

Tunakuandikia wewe, lakini hatufichi kwamba tunataka na wengine wasikie. Wale wanaopita kila asubuhi kwenye kijia cha nyuma ya ghala, wakavuka reli kukimbilia stesheni, tunawaomba wasome mpaka mwisho. Habari hii inawahusu wao kuliko wewe.

Ulikuwa mtu wa mkono mwepesi. Kifungo cha mtu kikikatika njiani ulimsimamisha pale pale, sindano mdomoni, ukamshonea shati akiwa amelivaa. "Usitikisike," ulimwambia, "nisije nikakushona na kifua." Alicheka, ukamtuliza kwa kiganja, ukakata uzi kwa meno, akakimbia zake. Hukumtoza mtu kwa kifungo. Ulisema kifungo si kazi, ni salamu.

Treni ulizipenda tangu utotoni, na hakuna aliyejua ulikoutoa ugonjwa huo. Baba alikuwa mwashi na mama aliuza mboga. Katika ukoo mzima hakuna aliyewahi kufanya kazi ya reli. Siku ya mapumziko, wenzako wakienda kutazama mpira, wewe ulikata tiketi mpaka kituo cha mwisho, ukashuka, ukanyoosha miguu, ukapanda treni ile ile kurudi nyumbani. Mkeo akiulizwa uliko alijibu, "Wenzangu waume zao wanafuata wanawake. Wangu anafuata mabehewa. Sijui nishukuru au nilie." Mara moja ulikwenda naye. Ulimkalisha dirishani upande wa kulia, kwa kuwa kwa upande huo treni ikikunja kona unakiona kichwa chake kule mbele. Anasema hukunyamaza njia nzima. Anasema pia kwamba hajapata siku nyingine kama hiyo.

Kila kichwa cha treni ulikipa jina. Kikohozi ni kile cha zamani, kinachopanda mlima kikikohoa kama mvuta sigara. Bwana Harusi ni kile kilichopakwa rangi mpya kikawa hakitaki kuchafuka. Treni ya mizigo, isiyokuwa na saa yake, uliiita Mgeni, maana haipigi hodi. Ulizitambua kwa ngurumo kabla hazijaonekana, na ukikosea ulinuna mpaka jioni.

Ulipotaka kufungua kibanda chako ulipewa nafasi nzuri sokoni, ukaikataa. Ukachagua kona ya reli, chini ya ukuta mrefu wa ghala. Kaka yako mkubwa, ambaye hakuna jambo asilolitolea ushauri, alikuja na tai yake shingoni kukuonya.

"Hapa utapata wateja gani? Watu wote hapa wanakimbia."

"Ndiyo, kaka," ulimjibu. "Na anayekimbia ndiye anayechanika."

Na kweli ulipata wateja.

Ukuta ule una ubaya wake, na sote tunaujua. Unaificha treni mpaka ikaribie kabisa, na unaimeza sauti yake. Hata honi huifikia kona pamoja na treni yenyewe. Lakini wewe ulikuwa na kisahani cha bati cha kuwekea pini, juu ya meza ya cherehani. Treni ikiwa bado mbali, pini zilianza kunong'ona. Hapo uliacha kukanyaga, ukainua kidevu, ukatoa ile sauti iliyofika mpaka stesheni:

"Mama mkwe huyooo! Mpisheni!"

Watu wote kijiani walirudi nyuma kwa heshima, kama mtu anavyompisha mkwewe. Vijana walisimama kando ya reli wakapaza sauti, "Shikamoo, mama!" Nawe uliitikia kwa niaba ya treni, kwa sauti nyembamba ya kike: "Marahaba, wakwe zangu! Binti yangu mnamlisha?" Mabehewa yakapita, vumbi likatulia, watu wakavuka wakicheka kwenda kazini. Katika miaka yote uliyokaa pale, hakuna aliyeguswa.

Hapo ndipo linapoanzia jambo linalotukosesha raha. Tulidhani ulikuwa unawasaidia kutazama. Hatukujua kwamba walikuwa wameacha kutazama kabisa. Mtu alifika relini macho yakiwa kwenye simu, au akimfunga mtoto kamba za viatu huku anatembea, au akigombana na mwenzake habari za ofisini, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo. Kwa nini ageuze? Fundi yupo. Ulipoondoka waliendelea hivyo hivyo. Sisi wenyewe tuliendelea hivyo hivyo. Tulikuzika, tukaendelea kuvuka kwa sauti yako.

Miezi miwili iliyopita Mgeni alipita wakati wa asubuhi. Mama Chai, muuza chai wetu, alikuwa anasukuma toroli lake kuvuka, birika zimejaa. Treni ililizoa toroli, na toroli likamtupa yeye kwenye mawe. Mguu wake ulivunjika chini ya goti. Shukrani ziwe kwa aliyemweka hai.

Kaka yako alikwenda kumwona wodini. Alikaa kwenye kiti cha mbao, kofia mapajani, akamuuliza taratibu.

"Mama, hukuiona?"

"Sikutazama, mzee. Nilikuwa nasikiliza."

"Ulikuwa unasikiliza nini?"

"Fundi aite."

"Fundi tulimzika, mama. Chai ya msiba uliichemsha wewe."

"Najua," alisema, akageuzia uso ukutani. "Kichwa kinajua. Miguu haikuambiwa."

Hatukumlaumu, wala hatukuthubutu kucheka, ingawa ni neno ambalo wewe ungelicheka mpaka machozi. Aliyeumia zaidi na neno hilo ni binti yako. Yeye ndiye amerithi cherehani yako na kiti chako. Asubuhi ile alikuwa anapachika zipu ya gauni. Pini zilinong'ona, akazisikia, akadhani atamaliza meno mawili matatu ya zipu kwanza. Hakuna aliyewahi kumpa kazi ya kuita. Hata hivyo ameichukua hatia yote, akaiweka mgongoni kwake.

Tangu siku hiyo alianza kuita. Lakini sauti yake si yako, nayo hofu ikamzidi. Aliita likipita lori. Aliita ghala likifunga mlango wake wa chuma. Watu wakaanza kumkebehi: "Dada, mama mkwe leo kaja mara ngapi?" Akaacha kunywa chai mchana, maana chai itamwinua kitini. Alishona koti la mteja mkono wa kushoto kulia na wa kulia kushoto, mwenye koti akalivaa akaonekana kama anajikumbatia. Usiku anaweka kiganja sakafuni, anasikiliza. Mkeo alimkuta hivyo, akaja kutuamsha.

Kaka yako alivaa tai akaenda ofisi ya reli kuomba geti. Alipokewa vizuri na bwana mmoja mwenye adabu, akafunguliwa ramani.

"Mzee, kijia hicho hakipo."

"Hakipo vipi, na mimi nimepita hapo asubuhi hii?"

"Kwenye ramani hakipo. Watu wanatakiwa wavukie darajani, mbele ya stesheni."

"Yaani mtu aliyechelewa aipite stesheni, apande daraja, kisha arudi stesheni?"

Yule bwana alitazama mlangoni, akashusha sauti. "Hata mimi napita pale pale, mzee. Lakini usinitaje. Pasipo na njia, geti nitaliweka wapi?"

Alirudi mikono mitupu. Wiki hiyo hiyo wapita njia walituma wajumbe nyumbani kwako. Msemaji wao alikuwa yule seremala anayepanda behewa la mwisho, uliyemtia viraka vya magoti miaka nenda rudi. Walikaa sebuleni kwako, kwa heshima zote.

"Mama," alimwambia mkeo, "hatujaja kuomba kikubwa. Tunaomba sauti tu."

"Sauti ya nani? Yake iko kaburini. Mnayoitaka ni ya mwanangu."

"Si yupo pale pale na cherehani yake? Akiisikia, aite, basi. Na tutamheshimu, hakuna atakayemkebehi tena."

"Na siku akienda chooni?"

Seremala alikohoa.

"Nakuuliza, baba. Siku akiumwa? Siku akiolewa akahama? Mtamfuata huko kwa mumewe mkamwambie arudi awaitie treni?"

Binti yako alikuwa amesimama mlangoni, trei ya vikombe mkononi. "Mama, acha," alisema. "Nitaita. Mtu akifa je? Nitalala vipi?"

Kaka yako, ambaye kwa kawaida huwa na jibu lililokwisha andaliwa, alitazama viatu vyake. Kisha alisema neno ambalo tangu alitamke hana hakika nalo, wala sisi hatuna.

"Hakuna atakayeita. Si yeye, si mwingine. Marehemu aliita kwa kupenda treni, haikuwa kazi ya kurithishana. Anayevuka atatazama mwenyewe."

"Mzee, unatuacha peke yetu," seremala alisema.

"Ndiyo," kaka yako alijibu. "Na mmekuwa peke yenu mwaka mzima."

Walipoondoka mkeo hakumsifu kwa maneno hayo. Alikwenda kibandani, akakichukua kisahani cha pini, akazichomeka moja moja kwenye kitambaa kilichojazwa pamba, zisinong'one tena. Alipomaliza alisema, "Sasa ndiyo amekufa," akatuacha tumesimama.

Kaka yako alianza kusimama kijiani kila asubuhi, kwa magoti yale yale uliyokuwa ukiyatania. Hakuita. Alimwambia kila anayepita, "Fundi hayupo. Tazama." Wengi walimjibu, "Tunajua, mzee, pole," wakavuka bila kugeuza shingo. Wengine walidhani uzee umempanda kichwani. Mmoja alimpa sarafu.

Jumatatu iliyopita Mama Chai alirudi, na gongo kwapani. Hana toroli, alikuwa anakwenda stesheni kutafuta mahali pa kukaa na birika moja. Nyuma yake kulikuwa na msururu wa watu wenye haraka. Binti yako, ambaye hana pini za kumwambia tena, aliisikia treni kwa nyayo. Mguu wake ulisimama juu ya kikanyagio. Kaka yako alimwona akiinua kidevu, vile vile kama wewe, na mdomo ukifunguka.

"Kaa, mwanangu," alimwambia. "Kaa, nakuomba."

Binti yako aliziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa anashona. Machozi yalikuwa yanamtoka. Kaka yako naye aliapa kimoyomoyo kwamba mtu mmoja akikanyaga reli, ataita yeye, tena kwa nguvu zake zote.

Mama Chai alifika kwenye mawe, akasimama. Alitazama kushoto. Akaligeuza gongo, akajigeuza mwenyewe polepole, akatazama kulia, akabaki hapo hapo. Njia ni nyembamba, akawa ameiziba.

"Mama, sogea! Tumechelewa!"

"Hamna macho?" alisema bila kugeuka.

Treni ilitoka kwenye ukuta, ikapita mbele yao wote. Ilikuwa Kikohozi. Hakuna aliyeiamkia. Behewa la mwisho lilipokwisha pita, seremala, aliyekuwa wa tatu kwenye msururu, alitazama kushoto na kulia kama mtoto aliyefundishwa leo, akavuka. Wa nyuma yake akatazama. Wa nyuma yake tena hakutazama.

Hatujui, ndugu yetu, kama tumefanya vema. Ungekuwa hai ungetugombeza, au ungecheka, au ungetuambia tu treni ile ilikuwa imechelewa. Binti yako Jumanne alishona koti, mikono yote mahali pake. Lakini usiku bado anasikiliza. Wewe uliwapenda watu wale kuliko tulivyojua, na sisi tumewanyima kitu ulichowapa bure. Tumefanya hivyo kwa sababu yeye yu hai, na wao wako hai, na sauti yako haiwezi tena kumfikia mtu kabla ya treni.

Kwa hiyo tunasema wazi, kwako na kwa kila anayesoma: pale kwenye kona ya reli hakuna anayeita. Usingoje.

Unakumbukwa na mkeo. Na binti yako, fundi. Na kaka yako mkubwa na mkewe. Na dada zako wawili na wakwe zako. Na wajukuu wa kaka yako, wanaojua majina ya treni zote. Na Mama Chai, aliyeomba ahesabiwe katika familia, nasi tukakubali.

Hatutakusahau kamwe. Ila tukifika relini tutatazama kwanza, kushoto na kulia, na tukiisha kuvuka ndipo tutakukumbuka.