Figo Ulilokuwa Unalingojea

Konde, Pemba
Mfunguo Tano

Kwa kaka yangu mpenzi Msellem,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Namuomba Mwenyezi Mungu barua hii ikukute umetulia hapo Maskati, wewe na wifi Mwanaasha na watoto, na mashine ya kusafisha damu isiwe inakuchosha kama ilivyokuchosha mwezi wa Ramadhani. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Mama hajambo, ila magoti yanamsumbua akiinuka kwenye mkeka. Shemeji yako Hamad bado anaendesha gari yake ya abiria ya Konde na Wete, na anakusalimu sana. Mhogo mwaka huu umekubali.

Nimempa Mabruki barua hii akuletee kwa mkono. Kwenye simu kila nikitaka kusema unaanza kunieleza habari za chumba mlichoniandalia, na pazia alilolinunua wifi, nami nanyamaza mpaka simu inakatika. Kwa hiyo nakuomba uisome mpaka mwisho, na kama umetoka kwenye mashine na kichwa kinakuuma, iweke kwanza.

Unakumbuka uliponipigia kuniambia kwamba mafigo yote mawili yamekufa, na kwamba madaktari wa huko wanataka ndugu wa damu. Nilikuwa kwenye charahani nashona sare za skuli. Nilikwambia ndiyo kabla hujamaliza. Sikufikiri, kaka, wala sisemi haya nisifiwe. Nilisema ndiyo kama mtu anavyosema ndiyo akiombwa chumvi na jirani.

Nilipokwenda Dar es Salaam kupimwa, picha ikaonyesha jiwe ndani ya figo la kushoto. Mie nilikuwa na maumivu ya mgongo tu, nikayasingizia charahani. Daktari Nyange, bingwa wa magonjwa ya mkojo, alisema mambo ya kukupa figo yangoje. Kwanza jiwe litoke, kisha lipimwe, kisha tuzungumze. Hilo nilikwambia. Sikukwambia jinsi Mama alivyolia. Alikuwa anakumbuka ulivyopasuliwa ubavu kutolewa mawe yako wakati wa ujana, kovu lile kutoka kiunoni mpaka mbavuni, na miezi uliyolala chali.

Daktari alimvutia Mama kiti. Akamwambia siku hizi hapasuliwi mtu hivyo, panatobolewa tundu dogo mgongoni, unapita mrija, jiwe linavunjwa humo humo na vipande vinatolewa. Mama akauliza kama yeye anamdhaminia mwanawe. Daktari akasema hapana, hadhamini. Alisema jiwe dogo lililokaa mahali pa wazi ni kazi nyepesi, lakini langu lilikuwa kubwa na lina matawi kama tangawizi, tawi moja limeingia pembe ya chini kabisa ambako chombo hakifiki vizuri. Alisema wengine hutoka jiwe lote mara moja, wengine hubaki na vipande. Inategemea na damu ya mtu, na unene wake, na figo lenyewe limekaaje, na mkono wa anayetoboa. "Na mkono wako je?" Mama akamuuliza. Akasema ameshafanya wengi, na wale wa mwanzo hakuwafanya vizuri kama hawa wa sasa. Mama alimpenda kwa jibu hilo. Mimi nilikuwa natazama feni.

Nilitakiwa kupasuliwa siku ya pili yake, wakanirudisha wodini. Mkojo wangu ulikuwa na wadudu. Daktari alisema ukivunja jiwe lenye wadudu unawamwaga ndani ya damu, na hapo mgonjwa anaweza kufa jiwe likiwa limetoka vizuri kabisa. Nikachomwa sindano za dawa mpaka mkojo ukawa safi. Ndiyo ile safari nilipokwambia nimechelewa kwa sababu ya foleni.

Operesheni yenyewe siijui, nililazwa usingizi. Nilipoamka nilikuwa na mrija mgongoni unaotoa mkojo wenye damu, na sauti ya Mama ikisoma Yasini. Picha ikaonyesha kipande kimebaki kwenye ile pembe ya chini. Wakanirudisha ndani, wakapita tundu lile lile, wakakitoa. Mara hiyo picha ikawa safi. Daktari mwenyewe alikuja kitandani akasema, "Bi Mwatum, operesheni imefanikiwa." Hamad akakupigia simu pale pale. Ulimwambia umeshawaarifu madaktari wako, na wifi akapiga kigelegele nikakisikia mpaka kitandani. Kila mtu wodini akanipongeza. Nilijua napaswa kufurahi, nikawa nawaitikia.

Sasa ndiyo nakuja kwenye neno lenyewe, Msellem.

Niliporudi kuondolewa nyuzi, Daktari alikuwa na majibu ya jiwe. Lilikuwa la rangi ya nta ya nyuki. Alisema mawe mengi husababishwa na maji kidogo na chakula, lakini hili ni la kurithi, linatokana na pande zote mbili, kwa mama na kwa baba. Mwili wangu utaendelea kulitengeneza maisha yangu yote, upande wowote, nikinywa maji na dawa litachelewa tu. Akaniuliza mawe yako yalianza lini. Nikamwambia ulikuwa skuli. Akauliza kama yaliwahi kupimwa ni ya aina gani, nikamwambia sijui, nadhani yalitupwa. Akasema haiwezekani. Mtu mwenye ugonjwa huu hatoi figo, atayahitaji yote mawili. Na hata ningelitoa, asingekubali kukupa wewe figo la mtu anayeumba mawe.

Siwezi kukupa, kaka. Ndilo nililokuwa nalinyamazia.

Utataka kujua nilihisi nini. Nilisikia njaa. Nilitoka nje nikanunua ndizi za kuchoma nikala zote nimesimama, na nikarudi Pemba, na mpaka leo nashona, napika, naswali, sijatoa chozi. Watu wanadhani nina subira. Mimi nadhani ile dawa ya usingizi haijanitoka mahali fulani. Usinikasirikie kwa kutolia. Wapeleke watoto wako wakapimwe mkojo, hilo ndilo la haraka.

Lipo na jengine. Mama alipotoka Dar alikwenda Kengeja bila kuniambia. Alikwenda kwa Siti, binti wa baba kwa yule mke wa shamba, ambaye wewe siku ya maziko ya baba ulimzuia mlangoni mbele ya watu ukasema si mtoto wa baba yetu. Mama hakumpenda mama yake, unajua. Alikaa kwenye baraza lao akanywa uji wao, kisha akamwambia yote.

Siti amepimwa. Mkojo safi, picha safi, kundi la damu ni lako. Daktari anasema kwa kuwa mama yake ni mwengine, huenda hakupata ugonjwa wetu. Vimebaki vipimo vikubwa. Nilimuuliza kwa nini anakubali, akaniambia, "Mie simpi yeye. Mie namwitikia mama yenu, Bi Time, kaja kwangu kwa magoti yale."

Ila madaktari wa huko, kwa maneno yako mwenyewe, hawapokei ila ndugu wa damu, na wanamuuliza mgonjwa mbele ya mashahidi. Itakubidi useme ni dada yako, mtoto wa baba yako. Useme kwa kinywa chako. Mimi siwezi kukusemea, wala Mama.

Siti yuko hapa nyumbani tangu juzi, anamkanda Mama magoti. Mama anakupa salamu na dua. Hamad na watoto pia. Mpe wifi mkono wangu, umwambie pazia asilirudishe dukani.

Nilimuuliza Siti niandikeje salamu zake. Alifikiri sana ataitwaje, mafuta yakiwa mkononi, kisha akasema niandike tu kwamba mtu wa Kengeja anakusalimu, na anangoja kuitwa.

Wasalaam,
dada yako,
Mwatum