Gitaa la Baba na Mashine ya Unyevu

Wamagana,
16 Februari

Kwa kaka yangu Ngatia,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini kifua kimepona na vumbi la pumba huko kinuni Mwea halikusumbui tena. Sisi tu wazima. Mama anachuma chai kila asubuhi, nami masomo ya kidato cha tatu yameanza kuwa mazito. Barua hii ataileta Kahiga, jirani yetu, anayekuja huko kununua mchele. Kwenye simu siwezi kusema haya, kwa sababu Mama huwa ameketi kando yangu.

Uliniomba nichague mashine ya kuipa hewa unyevu, ili gitaa la marehemu Baba lisizidi kupasuka. Jumamosi nilikwenda Nyeri mjini, dukani kwa Shakir. Aliposikia natoka huku kwetu Tetu alicheka, akasema kwetu ukungu ni wa bure, mbona nataka kununua mwingine. Nilimweleza kwamba ukungu ni wa Julai. Sasa ni kiangazi, na jiko la makaa hukausha hewa ya nyumba nzima. Akaacha kucheka, akaniazima kipimo kidogo cha unyevu.

Kwa siku nne niliandika namba zake daftarini. Hazikupita thelathini na sita kwa mia. Wamae, fundi aliyelitazama gitaa, anataka hamsini hivi. Alisema mbao zikinywa unyevu polepole, ufa utajifunga, naye ataweza kuutia gundi. La sivyo, gundi haitashika na sauti yake ya zamani haitarudi.

Niliporudi dukani, Shakir alikuwa na mashine mbili. Moja hurusha ukungu wa maji na ina taa ya buluu. Niliipenda mara moja. Lakini aliuliza tunatumia maji gani. Nilipomwambia ni ya kisima, alisema yataacha unga mweupe juu ya mbao. Nyingine haina urembo: ina utambi unaofyonza maji na feni inayopuliza taratibu. Nimechagua hiyo. Imewekwa chumbani kwangu, mbali kidogo na gitaa, na jana kipimo kilifika arobaini na nne.

Kaka, sasa nitasema lililonifanya niandike. Krismasi Mama alikuambia kwamba ni yeye aliyeliweka gitaa vibaya. Si yeye. Ni mimi. Mwezi wa saba vitabu vyangu viliota kuvu, nikaogopa gitaa nalo litaota. Basi nikalitundika jikoni, juu ya meko, nyuma ya mahindi ya mbegu tunayoyakausha pale. Nilidhani ninalitunza. Lilikaa katika moshi na joto hadi Novemba, Mama alipoliona limepasuka na kuliteremsha.

Nililia. Nilitaka kukuambia, ukafika, nikanyamaza. Mama akanitazama, akajitwika lawama yeye. Usiku ule aliniambia, "Mimi ni mama yake, atanisamehe haraka. Wewe angekununia mwaka mzima."

Lakini uliondoka asubuhi bila kunywa chai yake, na tangu siku hiyo ukipiga simu unaniulizia mimi tu. Yeye husogea karibu ili asikie sauti yako, halafu huenda kuangalia ng'ombe.

Ninunie mimi, Kaka. Mwaka mzima ni sawa.

Wasalimie wenzako wa kinuni. Salamu za Mama sina, kwani hajui kwamba nimekuandikia. Mpigie akupe mwenyewe.

Ni mimi dada yako mdogo,
Watiri