Kidole Nilichokuwa Nikikificha

Ibanda, Jumamosi, siku ya posho

Yaya Aurore, dada yangu mukubwa,

Huku tuko salama. Maharagwe uliyotuma toka Nyangezi yalifika vizuri.

Juzi nilienda hospitali kuonyesha ile psoriasi yangu, yale magamba ya ngozi ya viwiko. Nilitaka pomade ya kupaka tu. Docteur akaniuliza: "Maman, asubuhi vidole vinakaza?"

Nilitaka kukataa. Miezi mitatu nilikuwa nasema nimechoka, kumbe makasi yananishinda. Niliwaza marehemu papa, mikono yake ilivyojikunja hadi mama akawa anamulisha. Na mimi naishi kwa kushona.

Nikalia, nikamuonyesha kidole kilichovimba. Akasema ugonjwa huu wa ngozi unaweza kuingia mu viungo, ndiyo maana anauliza kila mugonjwa. Wakanipiga radio ya mikono, ile picha ya kuonyesha mifupa.

"Mifupa ingali mizima," akasema. "Umekuja mapema. Tukianza dawa sasa, utaendelea kushona."

Yaya, nilicheka mbele yake kama mutoto! Tangu siku ile nalala vizuri.

Sasa wewe, na yale magamba ya kichwani unayofunika na kitambaa: asubuhi unaamka namna gani? Usinijibu kwa barua. Panda gari juma hili, tutaenda wote wawili.

Mudogo wako anayekungojea,
Emérence