Malalamiko Kuhusu Pumziko Ambalo Hukuliomba

Ouma, rafiki yangu,

Niwie radhi kwa kutanguliza malalamiko mahali pa salamu. Katika ukarani wangu pale kituo cha Kawangware 56 nimewaandikia watu wengi barua za kupeleka kwa chifu na kwa wenye nyumba, na siku zote nimewashauri waanze kwa upole. Leo ushauri huo umenishinda mwenyewe. Nimerarua karatasi mbili zilizoanza kwa upole. Nimekukasirikia, Ouma, na ni haki yako kulijua hilo kabla sijaendelea.

Zoezi letu la Jumamosi halijabadilika tangu ulipotutoka. Bado ni mmoja kuvuta tairi la lori kwa kamba hadi mwisho wa uwanja na kurudi nalo, kisha kulala kifudifudi na kuruka juu mara ishirini, huku mwenzake akipumzika na kumhesabia. Akimaliza, wanabadilishana papo hapo. Kocha angali akizunguka na filimbi yake, akiwauliza wanaochelewa kama wamekuja mazoezini ama harusini.

Kilichobadilika ni mimi. Kocha amekwisha kunipa wenzangu watatu, na wote nimewachosha kwa maswali. Mtu akiinama kufunga kamba za viatu, nasimamisha zoezi na kumuuliza kama kifua kinambana. Wa tatu, kinyozi kutoka Riruta, alinijibu mbele ya kikundi kizima: "Mzee, mimi nimekuja kutoa kitambi, sijakuja kulazwa." Walicheka wote. Sikuona la kuchekesha.

Wewe ndiwe uliyekuwa ukiinama hivyo. Katika miezi ile ya mwisho, kamba za viatu vyako zilifunguka kila baada ya mzunguko wa tatu, nami nikakushauri, kwa maneno niliyoyachagua vizuri, ununue kamba mpya. Uliitikia kwa kichwa. Ungeweza kusema. Tulikuwa wawili tu upande ule wa uwanja, hakuna aliyekuwa akitusikiliza.

Kwamba moyo wako ulikuwa mgonjwa nilikuja kujua nyumbani kwako Gatwekera, kwenye matanga yako. Nyumba ilikuwa imejaa hadi mlangoni, mama yako amekaa karibu na mkeo Achieng. Achieng akanigeukia na kusema kwamba daktari alikuonya moyo wako hauwezi tena kazi nzito, na kwamba wewe ulimtuliza kwa kumwambia mimi najua, tena nakupunguzia zoezi. Kisha akaniuliza, "Shemeji, ulijua, ama hukujua?"

Nikasema nilijua.

Mimi, ambaye simruhusu mtu kutia sahihi barua asiyosomewa, nilikubali mbele ya watu jambo nililolisikia dakika hiyohiyo. Sikutaka mama yako asikie, mwanawe akiwa bado mochari, kwamba alimdanganya mkewe. Nilidhani ni heshima. Toka siku hiyo Achieng hakunisalimia tena, na nilistahimili, maana niliona afadhali anilaumu mimi kuliko kukulaumu wewe.

Lakini Jumamosi iliyopita alikuja uwanjani kwa miguu kutoka Gatwekera, akiwa na swali moja. Alitaka kujua kama hata siku ile ya mwisho nilikupunguzia.

Unaikumbuka siku ile kuliko mimi. Ulipofika kuruka, nilikukatalia mara tatu. Nilisema, "Hiyo sihesabu, kifua hakijagusa chini. Rudia." Ukarudia zote tatu. Halafu ukasimama umeshika magoti, ukaniambia, "Karani, wewe hata ukihema unahema kwa Kiswahili sanifu." Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtu aliyekuwa akitafuta pumzi aliitumia ile aliyoipata kunifanyia mzaha! Jioni hiyo, kabla jua halijazama, ulianguka mlangoni pako.

Na hapa ndipo penye lalamiko langu hasa. Katika zoezi lile, pumziko lako lilikuwa muda wa kazi yangu. Ningevuta tairi polepole, ungepumzika zaidi. Ningejikwaa, ningelala chini nikasingizia msuli, ungepata dakika nzima, na kocha asingejua. Badala yake nilikimbia. Nilijivunia kwamba hakuna aliyerudi na tairi upesi kama mimi, na kila nilipoharakisha nilikuwa nakunyima pumzi. Neno moja tu kutoka kwako lingetosha. Ulimwambia mkeo kwamba umeniambia, ukamwacha alale kwa amani kwa ajili ya wema ambao hukuwahi kuniomba. Siwezi kuelewa. Nimejaribu kuandika sababu kwa niaba yako, kama niwafanyiavyo wateja wangu, na kila sababu inaishia katikati ya

Nisamehe. Nitaendelea.

Nilimjibu Achieng kwamba nilikupunguzia. Nilitarajia atapata nafuu. Alitazama lile tairi, akasema, "Basi kosa ni langu. Kama hata kupunguziwa hakukumsaidia, ningefunga mlango asitoke." Akaondoka. Kocha alipuliza filimbi nianze zamu yangu, nikashindwa kuinua kamba.

Kwa hiyo uongo wangu umemtwisha mkeo mzigo ambao si wake, na siwezi kuuacha hapo kwa ajili ya kulinda jina lako. Jumapili hii, baada ya kanisa, nitakwenda Gatwekera. Nitamweleza Achieng kwamba sikujua. Nitamweleza kuhusu zile tatu nilizokukatalia, na jinsi nilivyokimbia. Nitamweleza pia kwamba ulimdanganya ili akuachie utoke, kwa hiyo hakukuwa na mlango aliopaswa kuufunga.

Atakukasirikia, pengine kunishinda mimi. Usitarajie nikutetee, kwa sababu sina utetezi, na akinifukuza mimi nitakuwa nimestahili. Ila nakuahidi hili: asiponifukuza, nitakaa mpaka amalize kukulaumu, hata kama itachukua siku nzima, na nitanyamaza nisimrekebishe hata neno moja.

Kwaheri, ndugu yangu.

Mimi mwenzako,
Wafula