Ya Manjano au ya Buluu, na Ardith Hasemi Kitu

Mpendwa Bi Hjordis, mshauri wetu sisi marubani wa viwanja vya nyasi,

Sijui nikuamkie mimi au uniamkie wewe, maana nina miaka sitini na tisa na picha yako gazetini haizeeki, lakini nakuomba unisaidie kwa sababu kichwa kimenijaa na hapa kiwanjani kila ninayemuuliza ananicheka, hasa Duane, jirani yangu wa banda la pili, ambaye kila akiniona anasema, "Gaylen, hivi unanunua ndege au unaoa mke wa pili? Mshika mbili moja humponyoka, mzee."

Mimi nilikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hapa Wisconsin, ng'ombe nimeshauza, watoto wameshakwenda zao, na tangu ujanani nilipojifunza kurusha ndege nilimwahidi mke wangu Ardith kwamba siku moja tutakuwa na ndege yetu, si ya kukodi, ya kuruka jioni tu juu ya mahindi na kwenda Jumapili kula chapati za maji kwenye viwanja vya jirani, na sasa siku hiyo imefika nami nimekwama kati ya ndege mbili, zote ndogo, zote za gurudumu la mkiani kama za zamani, kwa sababu ndege yenye gurudumu puani mimi sijawahi kuiheshimu.

Ya kwanza ni Piper Cub ya manjano. Viti vyake vimepangwa kimoja nyuma ya kingine, abiria anakaa mbele na rubani nyuma, mlango unafunguka hata ukiwa angani, unaruka polepole unasikia harufu ya majani yaliyokatwa, na ndiyo aina niliyojifunzia, kwa hiyo nikiiona tu moyo unanienda mbio, na sisemi ule ugonjwa. Ya pili ni Cessna 140 ya buluu, viti vyake viko sambamba, mnakaa bega kwa bega, ina kasi zaidi na huna haja ya kusimama mbele kuzungusha panga la injini kwa mkono ili iwake, ni ndege nzuri sina la kuisema vibaya, ila kukaa ndani yake ni kama kukaa ndani ya gari la shangazi yangu.

Nimetaja ugonjwa, basi nieleze. Mwezi wa kwanza moyo ulinigomea mezani jikoni, Ardith alikuwa anaosha vyombo kanipa mgongo, na masikio yake yamekwisha, mitambo ya kiwanda cha jibini iliyamaliza, kwa hiyo nilianguka na kiti na sahani na yeye asisikie kitu mpaka alipogeuka kutafuta kikombe changu. Hospitali walinitia kijibomba kwenye mshipa, nikapona, daktari akaniruhusu hata kuruka, na hayo yamepita, tumshukuru Mungu. Nyumbani huwa sisemi naye mpaka nimezunguka mbele yake, maana anasoma midomo, na husoma hata usiyotaka yasomwe, nikinyemelea kopo la biskuti ananiambia, "Mimi kiziwi, mzee, si kipofu."

Sasa sikiliza kisa chenyewe. Mwezi uliopita mwenye ile ya manjano aliniruhusu kuijaribu, nikampakia Ardith kiti cha mbele ambacho ndicho kizuri zaidi, dunia yote iko miguuni pako, hedifoni sikumvalisha kwa sababu zinapiga mluzi kwenye vile vifaa vyake vya masikio, tukaruka, na tulipofika juu ya mto nikawaona korongo wawili na kinda lao jekundujekundu wamesimama majini, na unajua sisi tuliofunzwa kwenye Cub tulivyozoeshwa, mwalimu akitaka kusema na mwanafunzi wa mbele anapunguza mafuta, injini inakuwa kama imezimika, ndipo anapaza sauti, basi na mimi mkono ukaenda wenyewe, nikapunguza mafuta, nikapaza sauti, "Ardith, korongo, kulia kwako!", nikauachia usukani nikatoa mkono nje ya mlango kumwonyesha, na hapo ndipo ndege ile iliponiteka roho, Bi Hjordis, kwani ilishusha pua yenyewe, kwa adabu kabisa, kisha ikaanza kugeuka yenyewe kuelekea kiwanjani kama ng'ombe anayejua saa ya kukamuliwa imefika.

Nilipoushika tena usukani niliukuta mgumu, mgumu kwelikweli, na hiyo ndiyo kasoro pekee niliyoiona, mwenyewe ameahidi kuupaka grisi, ingawa nilipoongeza mafuta injini ikanguruma ulilegea wenyewe.

Tulipotua Ardith alibaki kitini muda mrefu, nikadhani bado anaonja utamu. Nikazunguka mbele yake nikamuuliza, "Umeionaje?" Akasema, "Nzuri. Nunua unayoipenda." Basi. Tangu siku hiyo hajakanyaga kiwanjani, yeye aliyekuwa akituletea pai ya tufaha kila Jumamosi mpaka Duane akaota kitambi. Nikimtajia ndege anaitikia kwa kichwa na kuendelea na kazi yake. Kiti chake cha jikoni amekihamisha, sasa anamenya viazi akiwa amenielekea, na nikisinzia mchana nikiamka naukuta mkono wake kifuani pangu, nadhani uzee unamzidishia mapenzi na sina malalamiko juu ya hilo.

Ninachokuuliza ni hiki, je, rangi ya manjano haipendi, au ni upepo wa mlangoni, na ninunue ya buluu ambayo moyo wangu hauitaki ili arudi tuwe pamoja, au ninunue ya manjano nitumaini atazoea? Wenye ndege wote wawili wanataka jibu, na mimi bila Ardith sioni hata sababu ya kuruka, maana ahadi ilikuwa yake.

Ni mimi msomaji wako,
Gaylen Stordahl

*

Gaylen ndugu yangu,

Salamu nimezipokea, na picha ile ni ya zamani, wahariri hawataki kuibadilisha. Tuendelee.

Umenieleza panga, mlango na shangazi yako, na kati ya hayo yote ukadondosha jambo moja kama mtu aliyeangusha funguo bila kujua. Niliwafundisha watu kuruka kwenye Cub mpaka magoti yakakataa, kwa hiyo hapa usibishane nami. Ukiinyima mafuta, Cub itashusha pua, hiyo ni kweli. Lakini kugeuka ikatafuta kiwanja, haigeuki. Haina habari ya kiwanja. Na usukani wake haupati ugumu ukalegea papo hapo injini inapowaka. Mwambie huyo bwana arudishe grisi yake dukani.

Ndege ile ina fimbo mbili za usukani, Gaylen, moja mbele na moja nyuma, na zinakwenda pamoja. Ya nyuma uliiachia ukawa unashughulika na korongo. Ya mbele ilikuwa katikati ya magoti ya nani?

Sasa kaa kwenye kiti chake kidogo, maana hujawahi kukikalia ukiwa na masikio kama yake. Husikii kitu. Unachojua kuhusu injini ni mtetemo unaoupata mgongoni na kwenye nyayo. Mumeo yuko nyuma yako na mikanda haikuruhusu kugeuka. Huyo mume alianguka juzijuzi nyuma ya mgongo wako, ukaendelea kusuuza sahani naye yuko sakafuni. Halafu, juu ya mto, mtetemo unakatika ghafla. Hakuna aliyekuonya. Sauti uliyopaza wewe huko nyuma ilikwenda kwa korongo tu, ndugu yangu, kwa sababu mkeo hakuwa na midomo ya kuisoma. Ungefikiri nini wewe?

Alifikiri umekufa. Ule ugumu ulioukuta ulikuwa mikono ya Ardith.

Nina hasira nawe kidogo, na nitaitoa hapa iishe. Jikoni unamzunguka mbele ndipo useme, miaka yote, na hilo ni pendo ambalo wanawake wengi hawajalionja. Kupanda ndegeni tu ukageuka kijana wa miaka ishirini, ukafanya alivyofanya mwalimu wako, ukasahau uliyempakia ni nani. Mazoea yana taabu. Hukuwa na nia mbaya, hilo naliamini kabisa, lakini kosa ni lako na usimtupie rangi ya manjano.

Na yeye naye nitamgombeza akisoma hapa. Dada yangu, kimya kingi kina mshindo mkuu, na chako umekaa nacho mwezi mzima. Najua kwa nini. Mtu amerudishiwa mume kutoka hospitali, ndege ni ndoto ya huyo mume tangu ujana, utasimamaje mbele yake useme hupandi tena? Ukasema "nunua unayoipenda" ukaenda kumenya viazi. Ule mkono kifuani pako si uzee, Gaylen. Anahesabu mapigo.

Huenda nimekosea, sikuwepo. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kumuuliza, leo, kabla hujampigia mwenye ndege yeyote. Usimuulize ndege ipi. Muulize ilikuwaje pale mtetemo ulipokatika. Kisha unyamaze, umwache amalize hata akilia.

Akikuambia nilivyokuambia, nunua ya buluu. Ndani yake atauona ubavu wa uso wako tangu mnaondoka mpaka mnatua, ataona kifua kikipanda na kushuka, na ukitaka kumwonyesha kinda la korongo utamgeukia umwambie. Hilo gari la shangazi utalizoea. Yule Duane mdhihaki ainunue ya manjano, nawe utaiazima kwake asubuhi zako za upweke, nyasi ni zilezile. Muwekeane sheria moja: hugusi mafuta mpaka umemgusa goti, na hiyo haivunjwi hata kama injini inawaka moto.

Halafu mtafutie mwalimu amfundishe kutua. Nasema mwalimu, si wewe, maana waume wanaofundisha wake zao kurusha ndege huwa wanarudi nyumbani kwa magari mawili. Hahitaji leseni wala mitihani. Anahitaji kujua kwamba siku ukinyamaza kweli, anaweza kuifikisha ndege chini. Nakuhakikishia atajifunza upesi, na sasa nakuambia kwa nini nina uhakika huo.

Ukishamsikiliza, mtazame usoni useme polepole ayasome yote: kwamba sasa umejua, na kwamba unamshukuru. Mwanamke yule aliamini amebeba maiti ya mumewe nyuma yake, hajui kutua, hasikii kitu, na hakupiga hata ukelele. Alishika usukani akaanza kukurudisha nyumbani.

Wako,
Hjordis