Picha Zilizoingia Mwanga

Kaka Elia,

Filamu zako zimeharibika zote. Nimeona nikuambie hilo kwanza, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Gari lako lilipokatika breki kwenye mteremko wa Rhotia, ndugu zako walikuchukua wakaenda kukuzika kwenu Marangu. Mimi dobi wa hoteli sikupewa ruhusa, na hata ningepewa, usafiri ulikuwa wapi? Mdogo wako aliniachia mfuko wa filamu. Akasema, "Dada Theresia, hizi ni za watu wenu." Nikazitunza chini ya nguo zangu. Mwezi uliopita ndipo nilipopata lifti ya lori la ngano kutoka Mbulumbulu, nikazipeleka studio Arusha. Yule bwana aliingia kuzisafisha, akatoka anatikisa kichwa, akasema: Zimeingia mwanga, mama. Hakuna kitu.

Nilikaa kwenye ngazi za duka lake. Hata kulia nilishindwa.

Unakumbuka uliponipiga picha nyuma ya chumba cha kufulia? Nilitaka kuvua aproni, ukakataa. "Simama hivyo hivyo na mapovu yako, halafu ushike mchoro. Nataka waone kazi zote mbili." Nilikuwa nachora pundamilia kwenye maboksi ya sabuni, wenzangu wakiona ni mchezo. Hakuna aliyewahi kuiita kazi. Wewe dereva wa watalii, uliyerudi kutoka kreta na vumbi hadi kwenye kope, ndiye uliyetutafuta na kamera yako mmoja mmoja, sisi wenye kazi mbili. Ulisema tutatundikwa ukutani Arusha, watu waje kututazama.

Tangu mpaka wa Kenya ufungwe, watalii hawaji. Hotelini tumepunguzwa, nami nimo. Rangi haipatikani, sabuni yenyewe haipatikani. Sijachora kitu tangu Pasaka.

Kilichonitesa zaidi ni Daudi, yule fundi baiskeli wa sokoni Karatu, mpiga gitaa. Alishawaambia watoto wake kwamba picha ya baba yao itatundikwa Arusha. Nilimkuta anaziba pancha, nikamweleza. Hakuinua macho. Akaniuliza, "Hata ile niliyokuwa nacheka?"

Nikamwambia hata ile.

Akashika pampu, akajaza upepo hadi tairi likawa gumu kama jiwe, na bado anapiga tu. Gitaa lenyewe, mkewe aliniambia, wamelibadilisha kwa mbegu za maharage. Siku hizi tukikutana njiani, tunaulizana habari za mvua, basi.

Siwezi kukuahidi kwamba nitachora tena. Ningekuwa nakudanganya. Ila nikipata usafiri nitakuja Marangu, nilione kaburi lako, nikae na mama yako. Nasikia akiulizwa habari zako husema mwanawe alikuwa dereva. Hiyo kazi yako nyingine, ya kamera, nitamweleza mimi. Sina picha hata moja ya kumwonyesha, itabidi aniamini tu.

Pumzika, kaka yangu.

Theresia